Karatasi Nyeupe Si Jibu



Wakati wa kujaza fomu za basari, mama mmoja mzee alifika ofisini kwetu hapa Ikonge asubuhi na mapema, kabla hatujafungua hata madirisha. Alikuwa na mjukuu wake, msichana aliyekuwa akingoja kwenda sekondari. Tukawapa viti, tukasalimiana, kisha tukauliza, "Nyanya, umekuja na neno gani?"

"Nimekuja kuuliza kama ni kweli basari imefungwa," akasema. "Huyu mtoto ameangalia kwa simu juzi na jana. Anasema hakuna kitu, ni nyeupe tu."

"Haijafungwa, nyanya. Bado siku tatu."

Msichana akatoa simu akatuonyesha. Kweli kabisa. Ukurasa wetu ulifunguka, kichwa cha habari kikatokea, lakini mahali pa fomu palikuwa peupe pe. Tukageukia kompyuta ya ofisi, tukafungua ukurasa ule ule, na fomu ikaja safi, na mistari yake yote na mahali pa sahihi ya chifu. Tukatazamana. Fomu hiyo tuliiweka sisi wenyewe. Tuliijaribu kwenye kompyuta hii hii, tukaridhika, tukaenda zetu nyumbani.

Nyanya na mjukuu walipewa fomu ya karatasi, wakaijaza pale pale, ikafika kwa wakati. Lakini baada ya tarehe kupita walikuja vijana wengine wanne, mmoja mmoja, wakisema waliona nyeupe wakadhani wamechelewa. Hao hatukuwa na la kuwapa. Kosa halikuwa lao.

Ndiyo sababu tumeona tuandike habari hii. Siku hizi karatasi nyingi za serikali, shule na vikundi zinawekwa kwenye mtandao. Huduma ya eCitizen ilianza mwaka 2014. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, tume ya IEBC ilifungua tovuti ambapo mwananchi aliweza kujisomea fomu 34A za vituo vya kupigia kura, na vituo vyenyewe vilikuwa 46,229. Hayo ni maendeleo mazuri. Lakini karatasi iliyo kwenye mtandao na haifunguki, kwa mwananchi ni sawa na karatasi iliyofungiwa kabatini. Basi tueleze kwa nini haifunguki, na mtu afanye nini.

PDF YENYEWE NI KITU GANI?

Fomu nyingi huja kama faili ya aina iitwayo PDF. Kampuni ya Adobe ya Marekani ndiyo iliyoitoa mwaka 1993. Mwaka 2008 ikawa kipimo cha kimataifa, ambacho mtu yeyote anaweza kukifuata bila kuiomba kampuni hiyo ruhusa. Nia yake ni kwamba karatasi ionekane vile vile popote ilipo. Mahali pa sahihi pakiwa chini upande wa kulia kule Nairobi, pawe chini upande wa kulia hapa Ikonge pia.

Wengi wetu hudhani kwamba ndani ya faili hiyo kuna picha ya karatasi, inangoja kutazamwa tu. Sivyo. Mara nyingi ndani yake kuna maagizo: chukua herufi hii, ya ukubwa huu, iweke mahali hapa, piga mstari kutoka hapa mpaka pale. Ni kama ile karatasi ya vipimo anayopewa seremala. Meza bado haipo. Ni lazima fundi asome vipimo, akate mbao, apige misumari, ndipo upate meza. Bila fundi, unabaki na vipimo mkononi.

Kwa hivyo tukiona nyeupe, swali la kwanza si "fomu iko wapi?" bali ni "fundi amekwama wapi?"

FUNDI ANAITWA NANI?

Kivinjari ni ile programu tunayosomea mtandao, kama Chrome, Firefox au Opera. Kwenye kompyuta, vivinjari vingi vina fundi wao wa PDF ndani. Simu ni habari nyingine. Kwa miaka mingi Chrome ya simu za Android haikuwa na fundi huyo. Ikikutana na PDF, iliishusha tu ndani ya simu, na mwenye simu akaachwa aitafute alikoenda na atafute programu ya kuifungua. Wengine waliishusha mara nne tano bila kujua, bando likaisha.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa tovuti huja na fundi wao na kumweka ndani ya ukurasa wenyewe. Anayetumika sana ni PDF.js. Hii ni maktaba ya programu, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine ambazo mtu huziazima badala ya kuanza upya. Imeandikwa kwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari huielewa. Andreas Gal na Chris Jones wa Mozilla, wale wanaotengeneza Firefox, waliianzisha mwaka 2011, na Februari 2013 ikaingizwa ndani ya Firefox toleo la 19. Ni ya bure; hata kikundi cha akina mama kinaweza kuitumia bila kulipa shilingi.

Fundi huyu kwa kweli ni watu wawili. Fikiria kituo cha kununulia chai. Mbele kuna karani: anakupokea, anasoma mizani, anakuandikia. Nyuma kuna mbeba mizigo: anafungua magunia, anapanga, anapakia. Katika PDF.js, karani ni faili iitwayo pdf.mjs, na mbeba mizigo ni pdf.worker.mjs. Wa nyuma husoma maagizo yote ya PDF, na wa mbele huchora kwenye skrini. Wametenganishwa makusudi, ili kazi nzito ya nyuma isigandishe ukurasa mzima.

Sasa, karani akifika kazini na mwenzake asifike, kituo hakifanyi kazi. Kikiwa hakina hata tangazo mlangoni, wakulima watasema "chai hainunuliwi leo" na kurudi nyumbani na majani yao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu.

SISI TULIKOSEA WAPI?

Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba PDF.js ina tundu la usalama. Mtu mbaya aliweza kutengeneza PDF yenye maagizo ya herufi yaliyopotoshwa, na ukiifungua, programu yake ikaanza kufanya kazi ndani ya ukurasa wako. Watengenezaji waliziba tundu hilo katika toleo la 4.2.67, na Firefox ikazibwa katika toleo la 126. Sisi tulisikia habari hiyo, tukatoa toleo letu la zamani na kuweka jipya. Hapo hatukukosea. Yeyote mwenye tovuti inayotumia PDF.js ya kabla ya toleo hilo aibadilishe leo, asingoje kesho.

Kosa letu ni kwamba tulijaribu kwenye kompyuta ya ofisi peke yake. Kompyuta hiyo ina kivinjari kipya. Simu ya yule msichana ilikuwa ya kurithi kutoka kwa mjomba wake, na ilikuwa ya Android 6. Simu ya namna hiyo haipokei Chrome mpya kupita toleo la 106, hata ukiwa na bando la kutosha. Na matoleo ya karibuni ya PDF.js hutumia maneno ya JavaScript ambayo Chrome ilianza kuyaelewa katika toleo la 119 tu, mwisho wa mwaka 2023. Ni kama kumtumia mzee wa kijijini barua kwa lugha ya vijana wa leo. Herufi anazijua, lakini akifika neno asilolijua anasimama. Kivinjari nacho kikisimama hakisemi kitu kwa mwenye simu. Kinaandika neno la hitilafu mahali pa mafundi, na ukurasa unabaki mweupe.

Tulijuaje? Tulimwomba msichana simu yake kwa dakika chache, tukaiunganisha na kompyuta kwa waya, tukaruhusu uchunguzi katika mipangilio ya simu, halafu tukaandika chrome://inspect mahali pa anwani katika Chrome ya kompyuta. Njia hii humwonyesha fundi kinachoendelea ndani ya simu. Maneno mekundu yakatokea mara moja, yakitaja neno lisilojulikana, withResolvers.

Dawa ipo. Watengenezaji wa PDF.js hutoa toleo lile lile jipya kwa namna mbili. Moja ni ya vivinjari vya kisasa. Ya pili imeongezewa tafsiri ya maneno mapya kwa ajili ya vivinjari vya zamani kidogo, na iko kwenye folda iitwayo legacy. Tukachukua hiyo. Kwanza tulibadilisha faili ya karani tu, tukajaribu, bado nyeupe. Kumbe na mbeba mizigo lazima atoke folda hiyo hiyo! Tulipobadilisha zote mbili, fomu ikafunguka kwenye simu ya Android 6. Msichana akacheka, nyanya akauliza, "Sasa mlikuwa mmeificha wapi?"

NJIA INAKATIKA MAHALI GANI TENA?

Vijana wetu kadhaa waliosoma kompyuta wanatengeneza kurasa za vikundi, shule na vyama vya akiba. Haya yafuatayo ni kwa ajili yao. Msomaji mwingine akitaka anaweza kuruka mpaka sehemu inayofuata, lakini si vibaya kujua.

Kabla ya yote, fungua ukurasa kwenye kompyuta na ubonyeze F12, kisha tazama sehemu ya maneno ya hitilafu. Usianze kubahatisha kabla ya kusoma hapo. Daktari hapimi malaria kwa kutazama viatu vya mgonjwa.

1. Faili si PDF. Ishushe faili hiyo, uifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida. PDF ya kweli huanza na alama %PDF- na namba ya toleo. Ukiona inaanza na html, basi ulichopata ni ukurasa wa kusema "haikupatikana" uliovaa jina la PDF. Anwani imekosewa, au faili imehamishwa.

2. Faili imekatika. PDF huweka orodha ya yaliyomo mwishoni, si mwanzoni, na hufungwa kwa alama %%EOF. Mtandao ukikatika katikati, mwisho haufiki, na bila orodha fundi hupata shida kujua kila kitu kiko wapi. Linganisha ukubwa wa faili uliyoshusha na ile ya asili.

3. Mbeba mizigo hajaonyeshwa njia. Katika PDF.js ni lazima useme faili ya pdf.worker.mjs iko wapi, kwa mpangilio uitwao workerSrc. Mara nyingi kijana huandika njia inayofaa kwenye kompyuta yake, kisha akihamishia kwenye seva njia hiyo haipo.

4. Karani na mbeba mizigo ni wa matoleo tofauti. Karani wa toleo moja hakubali kufanya kazi na mwenzake wa toleo jingine, na atasema hivyo waziwazi kwenye maneno mekundu. Hii hutokea pale unapobadilisha faili moja na kusahau ya pili, au kivinjari kinapotunza nakala ya zamani. Badilisha zote mbili, halafu ufute nakala zilizotunzwa.

5. Seva haijui faili za .mjs. Toka toleo la 4, faili za PDF.js huishia na .mjs badala ya .js. Seva nyingine za zamani huzituma kama mzigo usiojulikana, na kivinjari hukataa kuzipokea kama JavaScript. Mwambie mwenye seva aongeze aina hiyo kwenye orodha yake, iwe text/javascript.

6. Karatasi iko kwa jirani. Ukurasa wako ukiwa kwenye tovuti moja na PDF ikiwa kwenye nyingine, kivinjari hakitampa fundi wako faili hiyo mpaka tovuti ya pili iseme inaruhusu. Ni kama kuvuna ndizi kwenye shamba la mwenzako: hata kama anakupenda, aseme mwenyewe. Ama mwombe mwenye tovuti atoe ruhusa, au uiweke faili kwenye tovuti yako ikiwa una haki ya kufanya hivyo.

7. Umefungua ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye diski. Anwani ikianza na file, vivinjari huzuia mambo mengi. Anzisha seva ndogo kwenye kompyuta yako. Ukiwa na Python, amri ni python3 -m http.server. Kisha fungua kupitia seva hiyo.

8. Karatasi inaonekana lakini herufi ni miraba au zimepotea. Aliyetengeneza PDF hakuweka herufi ndani ya faili, akategemea zilizo kwenye kompyuta ya msomaji. Mwambie aitengeneze upya huku akiweka herufi ndani. Wewe nawe onyesha PDF.js ilipo folda ya herufi zake za akiba. Mpangilio huo unaitwa standardFontDataUrl.

9. Kuchora mara mbili juu ya ubao mmoja. Mtu akibonyeza "ukurasa wa pili" haraka haraka kabla wa kwanza haujamalizika, PDF.js hukataa. Ngoja kazi ya kwanza iishe, au uifute kabla ya kuanza nyingine.

10. Simu imechoka. Hapa hesabu ni muhimu. Karatasi ya A4 ikichorwa kwa nukta 150 kila inchi ina nukta 1,240 kwa 1,754, yaani zaidi ya milioni mbili. Kila nukta huchukua baiti 4 za kumbukumbu. Hiyo ni karibu megabaiti 9 kwa ukurasa mmoja. Ukichora kurasa 20 kwa pamoja ni megabaiti 170 na zaidi. Simu ndogo itafunga ukurasa wote, na mwenye simu atadhani mtandao umepotea. Chora kurasa zile tu anazoziona, na nyingine uzichore anapozifikia.

Habari moja njema kuhusu bando. Seva ikiruhusu, PDF.js haina haja ya kushusha kitabu kizima ili ionyeshe ukurasa mmoja. Inaweza kuomba vipande vya kilobaiti 64. Kama umeweka ripoti ya kurasa mia, muulize mwenye seva kama vipande vinaruhusiwa. Utakuwa umewaokolea watu pesa za kununua sukari.

KAMA UNA SIMU TU, UFANYE NINI?

Ukiona nyeupe, au lile duara linalozunguka bila kusimama, usiseme "imefungwa" wala "sikuchaguliwa". Fuata hatua hizi:

Kwanza, tafuta tarehe ya mwisho mahali pengine: redioni, kwa chifu, ubao wa matangazo wa shule, au kwa mtu aliyekwisha kujaza. Tarehe ndiyo inayofunga, si simu yako.

Pili, tafuta kwenye ukurasa neno la kushusha au kupakua faili. Ukiishusha, fundi wa ndani ya ukurasa hahitajiki tena. Ifungue kwa programu ya kusomea PDF iliyo kwenye simu. Kama huioni, tazama kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa kabla ya kuishusha tena.

Tatu, jaribu kivinjari kingine, au sasisha hicho ulicho nacho. Ukiambiwa simu haipokei toleo jipya, tatizo ni umri wa simu. Azima simu ya jirani kwa dakika tano.

Nne, nenda saiba au ofisi iliyo karibu ukaombe ichapishwe. Uliza bei kwanza. Na kama umejaza namba ya kitambulisho, hakikisha faili imefutwa kwenye kompyuta hiyo kabla hujatoka.

Tano, jihadhari na kurasa zinazosema "tuma faili yako hapa tukufungulie". Fomu ya basari ina jina la mtoto, la mzazi, na namba ya kitambulisho. Hujui unampa nani.

Sita, waambie wenye tovuti. Usiwaambie "haifanyi kazi" tu. Waambie aina ya simu, kivinjari, saa, na ulichokiona. Yule nyanya alituletea simu yenyewe, na ndiyo iliyotufundisha. Kuuliza si ujinga.

TUMEBADILISHA NINI?

Tulikaa kama kamati, tukakubaliana mambo matano, na tunayaweka hapa ili mtusimamie.

Neno lolote lenye tarehe au masharti tutaliandika kama maandishi ya kawaida juu ya ukurasa, si ndani ya PDF peke yake. Maandishi ya kawaida hufunguka kwenye simu yoyote, na hula bando kidogo sana. Hata kama fundi hakufika, mtu atajua kwamba zimebaki siku tatu.

Kando ya kila fomu patakuwa na kiungo cha kuishusha. Tulikiacha mwanzoni kwa sababu tuliona kinaharibu sura ya ukurasa. Sura nzuri haimlipii mtoto karo.

Fundi akikwama, ukurasa utasema kwa Kiswahili: "Fomu ipo, lakini simu yako imeshindwa kuionyesha. Bonyeza hapa uishushe, au fika ofisini." Mistari miwili hiyo ingewatosha wale vijana wanne.

Fomu ikiwa imepigwa picha, tutaiandika upya. Picha ni nzito, na tena haina maandishi ndani. Kipofu anayetumia programu ya kusomewa kwa sauti hasikii chochote kutoka kwenye picha. PDF.js inaweza kuweka maandishi yanayosomeka juu ya mchoro wake, lakini ni lazima maandishi hayo yawe ndani ya faili kwanza.

La mwisho: hakuna kitakachowekwa kwenye ukurasa wetu kabla hakijajaribiwa kwenye simu iliyo dhaifu kuliko zote tunazoweza kupata. Tumenunua moja ya mitumba, kioo chake kina ufa, inakaa kwenye droo ya ofisi. Ikifunguka kwenye hiyo, itafunguka karibu kila mahali hapa Ikonge.

Tukumbuke pia kwamba kupata habari si hisani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kutekeleza haki hiyo ilipitishwa mwaka 2016. Sisi si serikali. Lakini tukikubali kuwa mlango wa kupitia fomu za watu, basi mlango huo ufunguke kwa mwenye simu mpya na kwa mwenye simu ya kurithi.

Wale wanne tumewaandika kwenye daftari. Zamu ijayo ya basari tutawatafuta nyumbani kwao sisi wenyewe, fomu mkononi, kabla hawajagusa simu. Na wewe msomaji, kama uliwahi kuona nyeupe kwenye ukurasa wetu ukanyamaza, njoo utuambie. Ofisi iko wazi siku za soko pia. Ulete na simu yako.